Ukuta Kiziwi

Salamu zilikuwa zinafika. Hilo ndilo lililowapotezea watu nusu ya asubuhi.

Tangu tetemeko lilipotikisa Mlima Kisyombe na milango yote ya ngazi za chini kujifunga, Tusekile aliweza kusema na wakubwa wa juu bila taabu. Mumewe, Gwakisa, alikuwa huko juu kwenye chumba cha mawasiliano, na aliwasikia vizuri wafanyakazi waliofungiwa Ngazi ya Nne: wanakohoa, wanataniana, wanaulizia chai. Kwa hiyo kila mtu alidhani njia ni nzima. Kitu kimoja tu kilikataa kwenda, nacho ndicho kilichohitajika, yaani kibali cha kufungua mlango.

Tusekile mwenyewe alikuwa amefungiwa Ngazi ya Tatu, katika chumba cha mitambo kisichozidi jiko la shule. Nje ya chumba kulikuwa na ujia mfupi wenye mlango wa chuma kila mwisho. Mlango wa kwenda juu ulikuwa unangoja waokoaji wafukue kifusi. Mlango wa kwenda chini haukuwa na kitasa. Akili yake ilikaa upande wa pili, Ngazi ya Nne, ndani ya chumba cha pampu, na haikumsikiliza mtu asiye na kibali. Walioujenga waliogopa hewa nzito, ile isiyo na harufu inayovuja kutoka kwenye miamba ya mlima, ikatuama chini kama maji na kumlaza mtu bila kelele. Wakaona bora mlango uongozwe na sheria kuliko hofu ya mtu. Sasa sheria hiyo ilikuwa imewafungia watu tisa.

Mlango ulikuwa na adabu ya kinyumbani: hodi tatu. Kwanza unatuma ujumbe mdogo wa hodi, kisha kibali kinafuata. Hodi ikifika na kibali kisifuate upesi, mlango unakuhesabu mwizi. Ukipigiwa hodi tupu hivyo mara tatu unajifunga moja kwa moja, mpaka waje mafundi na misumeno. Tusekile alikwishapiga hodi mbili. Zote mbili zilifika. Kibali hakikufika, hakikurudi, wala hakuna aliyesema kimepotelea wapi.

"Piga ya tatu," alisema Injinia Kayuni, mkuu wao, kwenye kipaza sauti kutoka juu.

"Mkuu, hiyo ndiyo iliyobaki. Nikiipiga kwa kubahatisha tumekwisha."

"Basi tafuta. Wewe ndiye mlinzi wa njia."

Alikuwa mlinzi wa njia kweli, na alikuwa mzuri. Ndiyo maana alichokikuta muda mfupi baadaye kilimchoma zaidi.

*

Barabara ya ujumbe ndani ya mlima ni mlolongo wa vituo, na kila kituo kina upana wake. Mtumaji huukata mzigo wake vifurushi na kuvisukuma. Kifurushi kikizidi upana wa kituo, kituo hukitupa na kurudisha lalamiko: kikubwa mno, kwangu hupita kiasi hiki. Mtumaji akisikia, hupunguza ukubwa na kutuma upya. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, watu husema, lakini vituo si Wanyamwezi. Vyenyewe hutupa.

Ni utaratibu mzuri wenye kasoro moja: lalamiko halina sahihi. Yeyote aliyejipenyeza kando ya barabara anaweza kughushi lake, na mwaka uliopita mtu alighushi. Mpaka leo hajulikani. Alituma malalamiko ya uongo yakisema kwangu hupita punje tu, na mitambo, kwa utii wake wa kijinga, ikaanza kuzikata amri za feni za Ngazi ya Pili vipande vidogo kama chenga za mchele. Barabara ikajaa chenga. Amri zikachelewa, feni zikalegea. Ngazi ya Pili ndiko wanakoishi watu mia tatu waliohamia ndani ya mlima baada ya maporomoko kufunika vijiji vyao. Watoto walianguka darasani mmoja baada ya mwingine. Wote walizinduka isipokuwa binti mmoja mdogo, jina lake Sekela.

Dawa aliipata Tusekile. Alijenga ukuta ndani ya mtambo wake, na ukuta huo ulimeza malalamiko yote bila kuyasoma, ya kweli na ya uongo. Barabara ilikuwa pana kila mahali wakati huo, kwa hiyo malalamiko ya kweli hayakuwepo. Watu wakauita Ukuta Kiziwi. Kampuni ikampa mbuzi kwa kazi nzuri. Mbuzi aliliwa siku ile ile, ukuta ukabaki.

Asubuhi hii tetemeko lilikuwa limekata waya mkuu wa Ngazi ya Nne, na ujumbe wote ulihamia kwenye waya wa zamani unaopita shimo la mabomba. Kwenye waya huo kuna kituo kizee, chembamba. Salamu ni vifurushi vidogo, zilipita. Sauti husafiri kwa vipande vidogo vidogo, ilipita. Hodi ilipita. Kibali kilikuwa kinene, kikatupwa. Na kile kituo kizee, maskini, kilikuwa kimelalamika kila mara kama kilivyofundishwa, na kila mara ukuta wa Tusekile ulimeza lalamiko lake.

Alifungua tumbo la ukuta kuangalia ulichomeza. Malalamiko yalikuwa mamia. Mghushi naye alikuwa ameamka na tetemeko, anatuma yake, na kila moja lilitaja kipimo tofauti. Moja kati ya hayo lilikuwa la kweli. Yote yalifanana.

Alikaa kwenye kiti, akaziba uso kwa viganja. Sikio la kufa halisikii dawa. Yeye ndiye aliyelifanya sikio hilo liwe la kufa, na kwa ustadi mkubwa.

*

"Mama Lugano," alisema Gwakisa. "Kayuni ameniambia ulichokikuta. Ondoa huo ukuta."

"Nikiuondoa, mtambo utaanza kuyasikiliza yote. Na ya yule mshenzi pia. Atazibana feni za Ngazi ya Pili."

"Toboa tundu basi, kituo kile kimoja tu kisikike."

"Baba Lugano, niliujenga kwa haraka, hauna dirisha. Kutoboa ni kuzima mtambo na kuuwasha upya, na feni zinazimika nao. Na hata nikitoboa, mwongo yule anajitia jina la kituo kile kile."

"Labda hatabana. Labda sasa hivi hachezi na feni."

"Labda."

"Ni baba yangu yuko chini, Tuse."

Hakuhitaji kukumbushwa. Mzee Mwakitalima, baba yake Gwakisa, ndiye msimamizi wa pampu za Ngazi ya Nne. Na hapa lazima nieleze jambo ambalo wahandisi waliotoka mikoa mingine walilicheka mwezi wa kwanza, kisha wakalizoea. Kwetu Unyakyusa mke hamtazami baba mkwe wake. Hamtaji jina, hakai naye chumba kimoja, hasemi naye. Likiwepo la kusema, husemwa kupitia mtu wa tatu. Miaka yote ya ndoa Tusekile alimjua mkwewe kwa kikohozi, kwa harufu ya ugoro, na kwa mgongo, siku moja alipochelewa kujificha nyuma ya mlango. Walifanya kazi mlima mmoja, na kampuni ilipanga zamu zao wasigongane kwenye lifti.

Kwa hiyo asubuhi nzima hakuna aliyeona ajabu kwamba sauti ya mzee ilitoka Ngazi ya Nne, ikapanda mpaka kileleni kwa Gwakisa, ikashushwa tena Ngazi ya Tatu kwa Tusekile, wakati kati ya mkwe na mkwe palikuwa na mlango mmoja tu.

"Watu mia tatu, Gwakisa."

"Watu gani hao? Unawajua hata majina?"

"Siwajui."

"Baba unamjua."

"Hata yeye sijawahi kumwona uso," alisema Tusekile. Ilikuwa kweli, na ilikuwa mbaya kuisema.

Injinia Kayuni aliingia katikati. Alisema hatatoa amri ya kuondoa ukuta wala ya kuuacha. Alisema mlinzi wa njia ndiye anayeijua njia. Hivyo ndivyo wakubwa wanavyokupa heshima siku heshima ikiwa moto.

Tusekile alijua hatauondoa. Alilijua hilo kabla hajalifikiri vizuri, na alijichukia. Mzee aliyemlipia mahari alikuwa chini ya miguu yake anakosa hewa, na yeye alikuwa anamtetea mtoto wa mtu asiyemjua darasani Ngazi ya Pili. Lakini alimkumbuka Sekela. Alikwenda kwenye msiba ule, akabeba maji, na mama wa mtoto alimshukuru kwa kuja.

Ikabaki njia ya pili, ya mkono. Angetuma vifurushi vya kupima, kimoja kikubwa, kingine kidogo, na mtu wa chini angesema kipi kimefika. Bila kumwamini yeyote wa njiani, angejua upana wa waya mzima kutoka mwisho hadi mwisho. Kisha angekikata kibali kwa kipimo hicho hicho. Kikizidi, kinatupwa. Kikipungua mno, kinakuwa chenga nyingi, kinachelewa, mlango unamwita mwizi. Lazima kipimo kiwe chenyewe.

Tatizo ni kwamba mitambo ya chini ilikuwa haijibu vipimo. Aliiziba yeye, wiki ile ile ya mbuzi. Lazima mtu akae chumba cha pampu, mbele ya kioo cha mtambo, asome kwa macho.

"Waulize huko chini," alimwambia mumewe. "Waambie nahitaji mtu mmoja akae kwenye kioo cha chumba cha pampu, anisomee. Waambie pia kwamba chumba hicho ndicho cha chini kabisa, na hewa nzito huanzia hapo. Wasifichwe."

"Wanasema haiwezekani," alijibu Gwakisa. "Wote wameshapanda ngazi, wako mlangoni. Wako salama, hewa ipo. Wanasema tusubiri waokoaji."

Tusekile aliitazama saa ya mtambo.

Sauti ikishuka kutoka kileleni hadi Ngazi ya Nne kwa ule waya mzee, ikarudi, huchukua muda wa mtu kuvuta pumzi mbili. Yeye ndiye anayepima mambo hayo kila siku. Jibu la Gwakisa lilikuwa limerudi kabla swali halijafika.

"Hujawauliza," alisema.

Kipaza sauti kilikwaruza tu.

"Hukuwauliza, Gwakisa. Na hewa? Hiyo hewa ipo kweli?"

"Iko magotini chumba cha pampu," alisema mumewe polepole. "Tangu kitambo. Sikutaka uchanganyikiwe."

"Na wao umewaambia nini?"

"Kwamba kibali kiko njiani."

"Mungu wangu."

"Ungewaambia nini wewe? Nikimweleza baba kwamba anatakiwa mtu mmoja abaki, unadhani atamwachia nani? Unamjua?" Sasa alikuwa analia, mtu mzima. "Mimi siwezi kumpelekea baba yangu ujumbe huo. Siwezi. Mtafute mjumbe mwingine."

Mjumbe hauawi, watu husema. Lakini mjumbe naye ana baba. Tusekile hakumlaumu, si wakati ule. Alinyoosha mkono akaigeuza swichi ya sauti, akaielekeza chini moja kwa moja. Kabla hajasema neno alijifunika kitenge kichwani mpaka usoni, ingawa palikuwa hapana mtu wa kumwona.

*

"Shikamoo, Baba."

Upande wa pili kulikuwa na vikohozi na maneno ya wanaume, halafu vyote vikakatika.

Kisha ile sauti aliyoizoea kupitia kuta ikasema, kwa mbali kidogo, "Lusekelo. Mwambie huyo anayesema kwamba amekosea laini."

Kijana aitwaye Lusekelo alisogea. "Dada Tusekile, mzee anasema..."

"Nimemsikia. Mwambie sijakosea. Mwambie kibali hakiko njiani."

"Mzee, anasema kibali..."

"Nimemsikia!" alisema mzee. "Nina masikio makubwa kuliko yako." Hilo lilikuwa kweli, kwa habari alizopata Tusekile. Ukoo mzima wa Mwakitalima ulisifika kwa masikio, na Gwakisa alitaniwa nayo tangu shule.

Basi alimweleza. Alieleza kupitia Lusekelo, ingawa Lusekelo aliacha kurudia baada ya sentensi ya pili na kukaa kimya katikati yao, kama kiti. Alieleza habari za waya mzee, kibali kinene na ukuta aliojenga. Alisema akiuondoa ukuta watatoka haraka, labda bila mtu kudhurika, na labda feni za Ngazi ya Pili zitalegea kama mwaka jana. Akaeleza njia ya mkono. Hakupunguza kitu. Alimaliza kwa kusema kwamba anayesoma kioo atabaki chini wakati wenzake wako juu ya ngazi, na kwamba hajui itachukua muda gani.

"Lusekelo," alisema mzee. "Muulize, yeye ameamua nini kuhusu huo ukuta."

"Sitauondoa," alisema Tusekile. Machozi yalikuwa yamelowesha kitenge. "Nisamehe, Baba. Sitauondoa."

Mzee alikohoa. Alivuta kitu puani, huenda ugoro, hata saa ile.

"Lusekelo, nenda ukakae na wenzako mlangoni."

"Mzee, wacha mimi nibaki, mimi kijana..."

"Wewe kioo hiki hukijui. Na una pumu. Nenda."

Viatu vya Lusekelo vilisikika vikipanda vyuma vya ngazi, vikafifia. Hapakuwa na mtu wa tatu tena. Mkwe na mkwe walibaki kwenye waya mmoja.

"Haya, mwanangu," alisema Mzee Mwakitalima. "Tuma."

*

Ili asidanganywe na mghushi, kila kifurushi cha kupima alikitilia neno ndani. Mtu wa njiani angeweza kughushi lalamiko, lakini hangeweza kujua neno.

Alituma kikubwa kabisa, chenye ukubwa wa kawaida wa barabara kuu.

"Hakuna," alisema mzee.

Akatuma cha nusu yake.

"Kimekuja. Kimeandikwa 'maziwa'."

"Vizuri, Baba."

Akatuma cha katikati ya vile viwili.

"Naona 'magimbi'. Wewe mwanamke, unanitia njaa."

Tusekile alicheka, akashangaa kwamba amecheka. Kioo kilikuwa juu ya meza fupi, mzee alimweleza, na yeye alikuwa amepanda juu ya sanduku la spana. Hewa nzito ilikuwa imefika usawa wa meza. Kila ujumbe ulipoingia ilibidi azuie pumzi, ainame, asome, ainuke. Alisema ni kama kuchota maji kisimani kwa mdomo.

"Hakuna," alisema safari iliyofuata. Halafu, baada ya kuhema, "Hakuna kweli, au nimesoma vibaya?"

"Nilituma kikubwa zaidi. Hakuna ni jibu zuri pia, Baba. Tunakaribia."

"Unakaribia wewe. Mimi nimesimama kwenye sanduku."

Aliendelea hivyo, anabana upana huku na huku, kinachopita na kisichopita, nafasi katikati yao ikizidi kuwa nyembamba. Kumbe upana wa njia unaweza kuujua, ukiwa na mtu mwaminifu mwisho wake. Hata hivyo majibu yalianza kuchelewa, na si kwa sababu ya waya. Mzee alisoma 'mvua' akaiita 'mvule'. Kisha aliuliza kama Lugano ameshakwenda shule, akajibiwa kwamba yuko kwa bibi yake juu, akauliza tena.

Tusekile alikuwa na kipimo. Alikuwa nacho karibu. Kilichopita cha mwisho na kilichokataliwa cha mwisho vilitofautiana kidogo tu. Akikata kibali kwa kile kilichopita, hesabu yake ilisema kitafika kabla mlango haujakata tamaa, kwa unywele mmoja. Akipata kikubwa zaidi kidogo, angekuwa na uhakika. Na hodi ilikuwa imebaki moja, kwa watu tisa.

Alishika kichwa. Hakuna aliyemwambia aombe kingine. Hakuna aliyemkataza.

"Baba, unaweza kimoja tena?"

Pumzi zilisikika, fupi, nyingi.

"Cha mwisho?"

"Cha mwisho."

"Tuma."

Alituma. Alisikia sanduku likikwaruza sakafu, kitu kikianguka, kisha kimya, kisha sauti ya mzee, nzito kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Naona... 'twende'."

"Basi twende, Baba! Nimekipata. Panda ngazi, panda sasa hivi, napiga hodi!"

"Napanda," alisema mzee. "Ndaga fijo, mwanangu. Umesema nami vizuri."

Ndaga fijo ni asante sana kwa Kinyakyusa. Tusekile hakujibu, alikuwa tayari anakikata kibali kwa kipimo. Akapiga hodi ya tatu. Akasukuma vipande, kimoja nyuma ya kingine, na kila kimoja kilikuwa na upana ule ule ambao mtu alikuwa amemsomea kwa macho yake. Kituo kizee hakikulalamika. Ukuta haukumeza kitu. Mwisho wa ujia, chuma kilinguruma, na mlango usio na kitasa ukaanza kufunguka.

*

Walitoka wakikohoa, wakishikana mabega, nyuso zimewaiva. Mmoja alipiga magoti akabusu sakafu. Tusekile alikuwa amesimama ubavuni mwa ujia, amegeukia ukutani, kitenge usoni kama inavyompasa mwanamke ambaye baba mkwe wake yuko njiani anakuja. Alisikiliza viatu. Alikuwa anangoja kikohozi kimoja anachokijua.

Kikohozi hakikuja.

"Yuko wapi?" aliuliza ukutani.

"Alisema anapanda," alisema Lusekelo. "Tulimsikia akisema anapanda."

Tusekile naye alimsikia. Alikuwa mlinzi wa njia, aliyenasa uongo wa mumewe kwa pumzi mbili tu, na neno hilo moja lilimpita bila kulipima, kwa sababu alilitaka liwe kweli.

Waliingiza bomba la hewa safi kutoka chumba cha mitambo, wakaishusha ile hewa nzito, wakateremka wawili na vitambaa vya maji puani. Walichukua muda. Waliporudi, hatua zao zilikuwa za watu waliobeba. Tusekile alizidi kujibana ukutani, akavuta kitenge kikafika kidevuni. Miguu yake ilimfanyia adabu peke yake, kama ilivyozoea.

Walimlaza chini nyuma yake. Lusekelo alimsogelea, akamgusa bega kidogo.

"Dada," alisema. "Hakuna wa kumkimbia tena."

Tusekile alishusha kitenge, akageuka.

Alikuwa mtu mdogo kuliko kikohozi chake. Alikuwa na mvi za kidevu zisizonyolewa vizuri na kovu dogo juu ya nyusi ambalo hakuna aliyewahi kumsimulia. Masikio yalikuwa ya Gwakisa, makubwa, yametoka pembeni, nayo yalikuwa bado na vumbi la chokaa. Alipiga magoti akayafuta kwa ncha ya kitenge, moja, kisha la pili. Alilia kwa sauti, mbele ya wanaume wote wale, na hakuona aibu.

Ndani ya chumba kipaza sauti kilikuwa kinaita. Alikuwa Gwakisa. Alikuwa ameona taa ya mlango ikigeuka kijani huko juu, na alikuwa anauliza swali lile lile bila kupumzika. "Mama Lugano? Baba ametoka? Mama Lugano, baba ametoka?"

Kayuni naye alikuwa kwenye laini, anasema feni za Ngazi ya Pili zinazunguka vizuri, hakuna hata moja iliyolegea, hongera.

Tusekile aliingia, akasimama mbele ya mtambo. Angeweza kusema ametoka. Lingekuwa kweli, na lingempa mumewe dakika chache za furaha kabla waokoaji hawajafika. Yeye mwenyewe alikuwa amepewa dakika za namna hiyo asubuhi, na alijua zilivyogharimu.

"Baba Lugano," alisema. "Baba amefariki. Nilimwomba asome kimoja zaidi, akasoma."

Ulikuwa ujumbe mfupi. Ulipanda barabara yote, kituo baada ya kituo, na hakuna hata kimoja kilichosema ni mzito mno.